Mzee Aliyekuwa Anamngoja Julie

Najua sifa yangu. Nimewazika nyanya watano kwa ajili ya kazi za shule ambazo sikufanya, ingawa ninao wawili tu na wote wako hai Kenya, wanalima. Kwa hiyo usiponiamini sitabisha. Lakini kisa hiki sikukitunga. Natamani ningekuwa nimekitunga.

Mama yangu ni nesi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Sydney. Wakati wa lokdauni ya korona, sisi tukiwa tumefungiwa mtaani kwetu Toongabbie, wageni walikatazwa kabisa kuingia huko. Wazee wakawa wanaangalia kuta. Basi Mama, akipata nafasi, akawa anafanya kile ambacho kila mama Mkenya hufanya: anakupigia simu, halafu bila onyo anampa mtu mwingine. "Msalimie." Wewe pia umekua hivyo, sivyo? Unamsalimia shangazi ambaye hujawahi kumwona, anakuuliza utakuja lini, unasema karibuni tu, Mungu akipenda, na nyote mnajua hakuna anayekuja. Ndiyo adabu yenyewe.

Tatizo ni kwamba mtu aliyepewa simu siku moja alikuwa mzee wa Kizungu. Wazungu hawaijui adabu hiyo. Ukisema unakuja, wanakungoja.

Simu ilikuwa ya video, lakini mzee aliibandika sikioni, kwa hiyo muda wote niliona sikio tu, lina pengo juu kama limeng'atwa na mbwa. Akauliza, "Julie? Ni wewe?" Julie alikuwa mjukuu wake. Aliishi Perth, jimbo jingine la mbali, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa. Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi, ambaye darasani huiga sauti ya mwalimu mkuu mpaka watu wanasimama, nikabana pua kidogo nikajibu, "Ndiyo, Pop." Ndivyo wengi huku wanavyomwita babu.

Mama alikuwa ameenda kumgeuza mgonjwa mwingine. Nikawa Julie kwa dakika kumi nzima. Akaniuliza habari za chura wa bati aliyemchezea utotoni, ukimtia ufunguo anaruka. Nikasema ninaye. "Utamleta lini?" akauliza.

"Jumapili," nikasema.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Nakubali.

Wiki mbili baadaye Mama alirudi kutoka kazini akakaa ndani ya gari nusu saa. Mzee amefariki. Si korona, moyo tu. "Siku ile ulimfurahisha," akaniambia. "Ubarikiwe, mwanangu." Sikula siku hiyo.

Lokdauni ilipofunguliwa, mimi na rafiki yangu Aline tulienda jumba moja la vitu vya kale huko Granville, kiwanda cha zamani kilichojaa vibanda vya midoli isiyo na macho, magari ya bati, santuri, na barua za mapenzi za watu waliokwisha kufa. Tulienda kucheka tu. Aline ni Mrundi, alizaliwa kambini Tanzania, na Kiswahili chake hujipangia safari zake, mara kinapitia Kifaransa.

Mlangoni mama mmoja alikuwa anahesabu watu, maana sheria ya korona iliweka kikomo. "Watatu," akaandika.

"Tuko wawili," nikamwambia.

Akaangalia nyuma yetu, kwenye foleni iliyojaa Wazungu. "Na babu yenu."

"Babu yetu Mzungu?" Aline akaninong'oneza. "Leo tumepanda cheo, ma chérie."

Aline akabaki kwenye santuri. Mimi nikazunguka hadi ujia wa mwisho. Ilikuwa saa nane mchana, jua linapenya darini, wala usifikirie giza na popo. Mbele ya kabati la kioo alisimama mzee bila barakoa. Amevaa pajama, na juu ya pajama amefunga tai. Alikuwa anamtazama chura wa bati, wa kijani. Kabati lilikuwa na kufuli. Na chura, niamini, aliruka. Mara tatu, akigonga kioo.

Mzee akageuza kichwa kidogo nikaliona sikio.

Mimi ni msichana mweusi, nina nywele za kusuka hadi kiunoni. Akanitazama kwa furaha akasema, "Julie." Kisha uso ukamnywea. "Nisamehe. Nilikaa dirishani tangu asubuhi, lakini baada ya chakula nikasinzia kidogo. Ulikuja nikiwa nimelala, sivyo?"

Unaelewa? Yeye ndiye aliyekuwa anaomba msamaha.

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa hapo. Wewe ungefanyaje? Mimi nilibana pua. "Ndiyo, Pop. Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha."

"Nilijua," akasema. "Niliwaambia."

"We! Unaongea na nani?" Aline aliita nyuma yangu. Nikageuka. Nilipoyarudisha macho, palikuwa na kabati tu, na chura amelala ubavu. Nikamwita yule mama wa mlangoni, akaja na ufunguo akamtoa. Tumboni mwa chura hamkuwa na springi. Ilitolewa zamani, akasema.

Jioni ile nilimwambia Mama yote. Hakunipiga, hakupaza sauti. Ningeshukuru angefanya hivyo. "Jumapili ile alinisihi nimfunge tai," akasema. "Nikamwambia, mzee wangu, Julie haji. Akaniita mwongo. Nikaandika kwenye faili kwamba amechanganyikiwa." Akatoa simu mkobani. "Kumbe hakuwa amechanganyikiwa."

Julie wa kweli alikuwa amempigia Mama kumshukuru, na namba yake ilikuwepo. Mama akaipiga, akaweka simu mezani mbele yangu, akatoka nje.

Nikamweleza Julie kila kitu, isipokuwa lile jumba. Nilingoja matusi. Akauliza polepole, "Aliniambia nini?"

Nikamwambia kuhusu chura. Kuhusu meno mapya ya bandia aliyosema amewekewa.

"Na nini tena?"

Hapo ndipo nilipokwama. Mzee alizungumza dakika kumi, mambo ya Julie, ya mama yake Julie, sijui ya nyumba gani, na mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono nisicheke. Ninakumbuka dakika tatu.

Siku hizi siigi sauti ya mtu yeyote. Naogopa atakayeitika. Na Julie bado hunipigia mara moja moja, kwa upole kabisa, kuniuliza kama nimekumbuka kitu kingine. Huwa sijakumbuka.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma: ukipewa simu umsalimie mtu anayengoja, usimwambie unakuja kama huji. Na kama mdomo wako ni kama wangu, hauzuiliki, basi angalau msikilize.