Dobi Aliyeitwa Shangaa

Mama mdogo alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Shangaa, kwa sababu hakuna siku iliyopita bila yeye kusimama katikati ya kazi kuangalia kitu. Mara povu limeshika rangi zote kwenye ukingo wa beseni. Mara unyoya wa ndege umenasa kwenye taulo, naye anaugeuzageuza kana kwamba ameletewa barua. Akimaliza kuangalia ananyamaza, midomo inacheza kidogo, kisha anarudi kwenye sabuni. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya mchana.

Alinilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la pili, na nilipomaliza kidato cha nne akanitafutia kazi palepale kwake. Msimamizi wetu, mzee mwenye utani mkali, alimuuliza siku moja kama analipwa kufua au kutalii. Mama mdogo hata hakugeuka.

"Kufua nafua kwa mikono, bosi. Macho niachie, yana mwenyewe."

Msimamizi alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia afanye haraka, mashuka ya wodi ya wazazi bado hayajaguswa. Sasa najiuliza nilikuwa nawahi wapi.

Aliugua wiki tatu, akafariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tangu hapo sala ilinikauka. Nilipiga magoti kama kawaida, kisha nikainuka bila kuomba chochote. Kitu pekee kilichonituliza kilikuwa foronya yake. Ilibaki na harufu yake, mafuta ya nywele na jasho kidogo, na kila nilipolala niliiweka shavuni.

Jumamosi moja nikaamka kufua vya nyumbani. Ukishazoea kufua mashuka mia kwa siku, mikono haikuulizi. Unatandua kitanda, unaloweka, unasugua, unasuuza. Foronya nilikuja kuitambua nikisuuza mara ya tatu. Nikaikamua, nikainusa. Sabuni tupu.

Nikakaa pale pale uani, kwenye sakafu iliyolowa. Jirani alipita akauliza kulikoni. Nikamwambia nimefua. Akanipa pole, akidhani nimechoka, akaenda zake.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipoinua kichwa, jua lilikuwa limefika kwenye beseni, na maji yalikuwa yanarusha mwanga ukutani. Ni ukuta uleule uliobanduka rangi, ninaoupita kila siku nikienda bafuni. Mwanga ulikuwa unatetemeka juu yake, unajisuka na kujifumua, unajisuka tena, taratibu, bila kujali kama kuna mtu anayeutazama.

"Mama mdogo, njoo uone."

Nilishasema kabla sijakumbuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na ndani hakukuwa na mtu. Niliona vibaya kuyaacha maneno yale yaning'inie hewani bila wa kuyapokea, nikayapeleka kwa Mungu.

"Basi mwonyeshe Wewe," nikasema. "Na umwambie namkumbuka."

Ilikuwa sala yangu ya kwanza tangu tumzike. Nilibaki nimekaa, machozi yakinitiririka, mpaka jua likahama na ukuta ukarudi kuwa ukuta.