Beseni la Sungura

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, shangazi alisugua beseni la choo cha sungura kwa sabuni na dawa mpaka likanuka kama zahanati, kisha akamwaga maranda mapya. Na kila asubuhi sungura alilinusa, akapiga chafya, akaenda kukojoa chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Huyu ananifanyia makusudi!"

"Shangazi, usilioshe hivyo," alisema mtoto wa kaka yake, mwenye nyumba waliyoishi na mwenye sungura. "Bakiza maranda kidogo yenye mkojo. Akisikia harufu yake atajua choo ni hapo."

"Nibakize uchafu? Mimi niliyekufundisha wewe kutawaza?"

Siku ambayo mteja angekuja kuchukua gauni la harusi, sungura alilivuta kutoka kitini, akalilalia kama bibi harusi mwenyewe. Mkojo ulikuwa umeshapenya hadi kwenye bitana.

Kijana aliuma midomo, lakini kicheko kikamponyoka.

"Haya, cheka," alisema shangazi. "Choo chako hicho, na sungura wako huyo."

Akalikunja gauni bichi, akalibana kwapani, akajitwisha cherehani, akatoka. Mlango ule haukumwona tena.