Nilikataa gari ya Kigobe juu ya modeli mupya

Admin, naomba ufiche jina langu. Mi nimemukosea bibi yangu, na mpaka leo hajui. Naanza na hilo juu nikizunguka nitashindwa kulisema.

Niko na miaka 47, Mwislamu, muzaliwa wa Bwiza. Mi ni magaziniye, natunza bidhaa mu depo moja ya Zone Industrielle. Bibi yangu anashona uniforme za wanafunzi nyumbani. Tuko na binti mumoja, tumuite Sakina, wa miaka kumi na tatu. Nyuma yake tulingoja mutoto mwingine mpaka tukaacha hata kuongea juu yake. Mwaka jana Mungu akatupa mimba.

Wakati ule tulikuwa tumeweka akiba ya kununua kajeep kadogo, yeye kwa mashine yake, mi kwa mushahara. Modeli niliyoipenda, nilisoma mu telefone kwamba inabadilishwa. Fari, yale mataa ya mbele, nyembamba, ekran kubwa, kamera ya nyuma, hata mataa ya nyuma si yale. Kila siku nilikuwa naangalia kama kumetoka picha zingine. Jioni, kwa muchoma brosheti, ile mishikaki yetu, naonyesha wenzangu. Kwetu mutu akipata gari anaiarosa: anaita marafiki, anawapa brosheti na Fanta, wanamuombea isiue mutu. Mi, kwa upumbavu, niliarosa picha. Gari sina, watu wamekula na wameomba dua. Toka siku ile jina langu likawa Modeli Mupya. Nikipita tu: «Eh, Modeli Mupya, iko mu bato baharini ao inakuja na miguu?»

Kwa wateja bibi alikuwa anaenda na moto, zile pikipiki za kubeba watu. Mimba ilipofika miezi sita, akatoka damu kidogo. Daktari akamuambia: «Mama, moto usipande tena mpaka uzae.» Na taksi zilikuwa za kutafuta, esansi ya magari hakuna. Basi bibi akahangaika mwenyewe. Kuna mama mumoja wa mutaa wa Kigobe anamushoneaga nguo za watoto, walikuwa wanahama inchi na bwana yake, wanauzisha jeep yao. Ilikuwa ile ile niliyoipenda, lakini ya mbele ya mabadiliko.

«Baba Sakina, gari yako nimeipata.»

«Si yangu ile. Ile ni ya zamani.»

«Inatembea?»

«Inatembea.»

«Basi mi nataka yenye kutembea. Fari utaziangalia mu telefone.»

Alicheka, nami nikacheka. Nikamuambia Jumamosi nitaenda kuiona.

Nilienda kweli. Ilikuwa safi, imeoshwa, yule mama akanipa funguo. Nilikaa mbele, nikashika usukani, na kitu kilichonijia mu kichwa si bibi yangu na tumbo lake. Niliwaona wale wa brosheti: «Modeli Mupya ametuletea modeli ya babu yake.» Nikashuka. Nikamuambia yule mama, «Utusamehe, bibi yangu amebadilisha mawazo.» Nyumbani nikamuambia bibi, «Tumechelewa, wamekwisha kuiuzisha.»

Akasema, «Haikuwa riziki yetu,» akarudilia kushona.

Wiki tatu nyuma ya siku ile alienda kupeleka uniforme. Mvua ikamukuta kule. Alingoja taksi mpaka miguu ikavimba, hakuna hata moja yenye nafasi. Akapanda moto. Barabara munaijua, mashimo yamejaa maji, hauoni kina. Moto ikaingia mu shimo, wakaanguka. Nilipofika hospitali walikuwa wamekwisha kumutoa mutoto. Alikuwa mutoto wa kiume. Hakulia. Tulimuzika siku ile ile.

Sasa musikie kitu kinachonikula. Watu walikuja kutupa pole, na mama yangu akasema mbele yao wote: «Daktari alikukataza moto. Ulikuwa unakimbilia wapi?» Dada yangu akaongeza, «Mutoto wa kungojewa miaka yote ile, unamupandisha moto kama kifurushi.» Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye mukeka, maziwa yanalowesha nguo yake. Akajibu, «Ni kweli, Mama. Ni mimi.» Kisha akanigeukia. «Baba Sakina, unisamehe.»

Na mi, mutu muzima, nikasema, «Nimekusamehe.»

Toka siku ile hapandi kitu. Hata nafasi ikipatikana mu taksi anakataa. Anaenda kwa miguu mpaka kwa wateja wake na mufuko kichwani. Dada yangu akija, yeye anaondoka sebuleni bila kuambiwa.

Wiki iliyopita tajiri mumoja aliingia mu depo na modeli mupya. Niliizunguka. Fari ni nyembamba, ndiyo. Ekran ni kubwa. Nikafungua mulango wa nyuma, kiti ni kile kile cha ile ya Kigobe. Pale angekaa yeye, hakuna kilichobadilika. Yule tajiri akaniuliza, «Vipi, unaipenda?» Nikajibu, «Apana, chef.» Nikaenda kusimama nyuma ya mifuko ya simenti mpaka machozi yakaisha.

Rafiki mumoja nilimuambia. Akasema, «Nyamaza, yeye amekwisha kuzoea. Ukisema utavunja nyumba.» Lakini amezoea nini? Amezoea kubeba kosa langu.

Ijumaa hii, nyuma ya swala, mama na dada zangu wanakuja kwetu kumusomea mutoto dua. Nishaurini, ndugu zangu. Alitukanwa mbele ya watu, naona ni mbele ya watu nimusafishe. Lakini akilisikia pale kwa mara ya kwanza, nitakuwa nimemuumiza mara ya pili. Kwa hiyo nimepanga Alhamisi mangaribi, Sakina akiwa madrasa, nimuambie yeye kwanza, tuko wawili. Akitaka kunifukuza, atanifukuza. Munaona niko sawa, ao kuna njia nzuri kuliko hiyo?

Ila musiniambie ninyamaze. Ijumaa saa nane, hata kama nitakuwa nimelala kwa jirani, nitaingia pale na nitasema: Mama, gari ilikuwepo, ni mimi niliikataa. Muombeni musamaha. Na ule musamaha niliompa kwenye mukeka nitaurudisha mbele yao wote, juu haukuwa wangu wa kutoa.