Binti wa Dirisha la Maabara

Asubuhi ya mwisho ya kawaida nilimpelekea binti wa maabara kikopo cha makohozi ya mke wangu, kama kila Jumatatu, akakipokea dirishani kwa mikono miwili. Mikono yenyewe ilikuwa imepasuka kwa kunawa spiriti. Barakoa ilimwachia alama puani, na sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kifua kikuu cha mke wangu kilikuwa sugu. Dawa moja moja zilishindwa, basi binti huyu aliwaotesha wadudu wa ugonjwa huo kwenye vichupa, akawajaribu kwa dawa mbili mbili. "Nazifungisha ndoa, baba," aliniambia. "Hii ya nne. Tatu zimevunjika." Nilipomfikishia mke wangu habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. "Kamwambie huyo mshenga ajitahidi, bibi harusi anachoka," akasema.

Wadudu hao huota polepole, wiki na wiki. Kila nilipouliza, binti alifungua kabati la joto, akainua kichupa kwenye mwanga, akakitazama weee, akakirudisha taratibu. Mke wangu alifariki Alhamisi. Jumatatu miguu ilinipeleka palepale. Nikamwambia, "Mama yako hatunaye." Akavua glavu, kidole kimoja kimoja. Akatoka nje kwa mlango, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakaa nami kwenye benchi.

"Dawa hizi mbili zimewaua wadudu, baba. Nimeona leo asubuhi. Siwezi kuwaharakisha kuota. Ningeweza, ningewaharakisha."