Gitaa la Kong Phidalia haliombi ruhusa

Saa mbili asubuhi, Soko la Iewduh, soko kuu la mji huu wa milimani, linanuka nyama mbichi, moshi wa mkaa na nguo zilizolowa mvua. Kong Phidalia Kharbudon (Kong, kwa lugha ya hapa, ni Dada) anashusha panga la bucha juu ya mguu wa nguruwe, mara moja tu, na mfupa unaachia. Anafuta mkono kwenye aproni, kisha anapokea kutoka kwa mteja mfuko ambao hauhusiani kabisa na nyama.

Ndani yake kuna pedali ya gitaa, kile kikasha ambacho mpigaji hukikanyaga kwa mguu ili sauti ya nyuzi ibadilike. Hii imekufa.

"Inafanya nini?" anauliza.

"Haifanyi kitu, Kong."

"Na kabla ya kutofanya kitu, ilikuwa inafanya nini?"

Mteja, dereva wa teksi mwenye masharubu mazito, anakuna kichwa. "Ilikuwa inalia kama paka aliyekanyagwa."

"Basi imepumzika, maskini. Njoo Jumanne. Na nyama nikukatie ya mafuta, au ile aliyokuandikia daktari?"

"Ya mafuta. Daktari hali kwangu."

Meza nzima ya akina mama wauza nyama inaangua kicheko. Kong Phidalia hacheki. Ameshaifungua pedali kwa ncha ya kisu cha kuchunia na anainusa. Transista iliyoungua, anasema, ina harufu yake, kama nywele zilizoguswa na moto.

Ana umri wa miaka arobaini na minne. Amekata nyama katika meza hii tangu mama yake alipoumwa miguu. Wanaokuja kununua nyama wanamjua kwa nyama. Lakini mji huu umejaa watu wenye gitaa nyumbani: makarani, walimu, madereva, wauguzi, watu ambao muziki hauwalishi na wala hawautaki uwalishe. Hao wanamjua kwa mambo mengine.

Gitaa analolipiga halikuwa lake. Lilikuwa la mumewe, aliyekuja kuishi nyumbani kwa kina Phidalia, kwa kuwa desturi ya hapa mume huhamia kwa mke, na siku moja akaondoka kwenda mji wa Guwahati bila kurudi.

"Alichukua nguo, redio na mwavuli," anasimulia huku akipanga maini kwenye sinia. "Gitaa lilikuwa limebaki na nyuzi mbili na shingo imepinda. Akaona halina thamani. Mimi nami nilikuwa nimeachwa nikionekana hivyo hivyo. Nikasema, basi tutakaa wote."

Alitaka kuliuza. Kila aliyekuja kuliona alilicheka. Kwa hasira, anasema, akalipeleka kwa fundi seremala, akamsimamia hapo hapo mpaka shingo ikanyooka. Akanunua nyuzi. Akajifunza kwa kusikiliza kwaya ya kanisani na kutafuta sauti zile zile kwa vidole. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, watoto wawili, na kidole cha kati cha mkono wa kushoto ambacho hakikunjiki vizuri tangu panga lilipokiparaza.

"Watu walisema, 'Phida, mwanamke mzima unakumbatia gitaa kama mtoto wa shule?' Nikawaambia, nilikuwa na mume wa kukumbatia, mkaona alivyonifaa."

Pedali alianza kuzitengeneza kwa sababu za dukani hakuziweza. Hata leo, akitoa gharama za meza, kodi ya soko na ada za watoto, kinachobaki kwa wiki hakizidi rupia mia tisa. Pedali moja nzuri kutoka nje inaweza kumeza mapato ya miezi. Hivyo akaanza kuokota redio na televisheni mbovu kwa mafundi, akang'oa vipuri, na kuviunganisha kwa risasi ya kuchomea kwenye kona ya jiko. Za mwanzo ziliungua. Iliyofuata ikatoa moshi na sauti kwa pamoja, na yeye akafurahia sauti.

"Ile ya kwanza kufanya kazi niliiweka kwenye kasha la plastiki," anasema. "Tuko kwenye harusi ya binamu yangu, napiga wimbo wa mapenzi, mara spika ikaanza kusoma taarifa ya habari. Bibi harusi alijua msimamo wa bei ya viazi kabla ya kukata keki."

Tangu hapo hutumia makopo ya chuma ya kubebea chakula cha mchana, ambayo huzuia mawimbi ya redio. Pedali zake zinatambulika mjini kote: za mviringo, zina mfuniko wa kubana, na ukizikanyaga zinakwaruza sauti kama shoka kwenye mti mbichi.

Bendi ina watu watatu. Kong Belinora Thabah, muuguzi wa zamu, anapiga ngoma. Bah Teibor (Bah ni Kaka), dereva wa pikapu ya mchanga, anapiga gitaa la besi. Phidalia anapiga gitaa na kuimba. Kwa muda mrefu hawakuwa na jina. Walikuwa wakifanya mazoezi Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa wao wa Lumdiengwah, wakifagia kabla na baada, na kulipia umeme.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, baraza la mtaa likawafungia mlango.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kelele. Lakini bendi ya vijana wa kiume wa mtaa huo huo iliachiwa siku yake ya Jumatano, pamoja na spika zake mbili kubwa. Kong Belinora alikwenda kumuuliza mzee mmoja wa baraza tofauti iko wapi.

"Akaniambia, wale ni vijana, damu inachemka. Ninyi ni mama za watu," anakumbuka. "Halafu akasema, 'Bendi gani hiyo? Muuguzi, dereva wa mchanga na muuza nyama. Hiyo ni dohkhlieh tu.'"

Dohkhlieh ni saladi ya kichwa cha nguruwe: masikio, ubongo na vitunguu, vyote vimekatwakatwa na kuchanganywa. Belinora alirudi akilia. Phidalia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe hupendi dohkhlieh?"

"Naipenda."

"Nani mtaa huu hapendi dohkhlieh?"

Jioni hiyo hiyo akachukua rangi nyekundu na kuliandika neno hilo kwenye ngozi ya ngoma kubwa. Bendi ikapata jina.

Jina halikufungua mlango. Wanawake wa mtaa hawaingii barazani wala hawasemi humo. Mwenye neno hulipeleka kupitia kwa mjomba au kaka yake. Na mjomba wa Phidalia, Bah Ronsing, kaka wa mama yake, alikuwa mmoja wa wazee waliopiga kura ukumbi ufungwe.

Phidalia alimfuata nyumbani kwake. Alimkuta akinywa chai, akabaki amesimama.

"Mjomba, nimekuja unisemee."

"Siwezi kusema dhidi ya niliyoyapitisha mwenyewe."

"Basi niambie mimi ulipitisha nini."

"Nilipitisha heshima yako, Phida. Watu wanacheka. Binti wa dada yangu, tena kitindamimba, anayeshika nyumba ya ukoo, anapiga makelele na gitaa mbele ya dereva wa mchanga."

"Teibor anakaa nyuma yangu, mjomba. Mbele yangu kuna ukuta."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Nyumba ya mama naitunza mimi. Mama nilimwogesha mimi mpaka siku yake ya mwisho. Hayo yote naweza, ila kupiga gitaa Jumamosi siwezi?"

Mzee alishusha kikombe. "Sitasema," akajibu. "Na wewe nyamaza."

Kilichofuata bado kinasimuliwa sokoni, kila mtu na chumvi yake. Mwandishi wa makala haya alikuwa pale na hana haja ya kuongeza.

Baraza lilikutana Jumamosi mchana. Wanaume walikwisha kaa, mlango uko wazi, mvua nyembamba inanyesha. Pikapu ya Bah Teibor ikapanda mlima taratibu na kusimama barabarani mkabala na ukumbi. Nyuma yake, chini ya turubai, kulikuwa na ngoma, amplifaya mbili na jenereta ya kuazima. Phidalia alikuwa amevaa jainsem, vazi lake refu la kanisani la hariri, na gitaa begani.

Mwenyekiti wa mtaa alitoka mlangoni. "Kong, hapa kuna kikao."

"Najua, Bah. Naomba kusema."

"Unajua utaratibu. Mwanamke hasemi barazani. Mjomba wako yumo humu ndani."

Phidalia akapaza sauti. "Mjomba! Unasema, au husemi?"

Ndani mtu alikohoa. Kikohozi kimoja, basi.

"Haya," Phidalia akamwambia mwenyekiti. "Mwanamke asiseme. Nimekubali. Lakini mko barazani ninyi, mimi niko barabarani, na juu ya gitaa hamjaandika kitu."

Akakanyaga kopo la chakula.

Alianza na wimbo wa kanisani, ule ambao mtaa mzima huimba jeneza linapotoka nyumbani, lakini kwa sauti ile ya shoka. Belinora akainua fimbo zake za ngoma. Alikosa pigo la kwanza, akakosa la pili, akalipata la tatu. Wanawake wakatoka majikoni wakiwa na unga mikononi. Mmoja akaanza kuimba, kisha mwingine. Walipofika ubeti wa pili, barabara ilikuwa imejaa na pikapu haingeweza kuondoka hata kama Teibor angetaka. Mama mmoja mwenye bakora alisimama mlangoni pa ukumbi, akawageukia waliokaa ndani: "Sasa mbona hamwimbi? Au mnaimba maiti ikiwapo tu?"

Kikao kilivunjika bila kufungwa. Baadhi ya wanaume walipita pembeni wakiwa wameinamisha vichwa. Wengine walibaki wamesimama kwenye mvua, wakisikiliza. Bah Ronsing alipita katikati ya umati wala hakumtazama mpwa wake.

Adhabu ikaja wiki iliyofuata: Phidalia atozwe faini na aombe radhi kwa kuvuruga kikao. Alikataa vyote viwili.

"Nikawapelekea kichwa cha nguruwe, kibichi, kimeoshwa vizuri," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Nikaagiza waambiwe: hicho ndicho nilicho nacho, na mnajua kinatengenezwa nini."

Haikuishia kwenye mzaha. Kwa miezi kadhaa baadhi ya majirani waliacha kununua kwenye meza yake. Mwanawe mkubwa alirudi kutoka shuleni na shati limechanika kwa kumtetea. Mjomba hakukanyaga nyumba ya ukoo hata siku ya kumbukumbu ya dada yake, na hilo, Phidalia anakiri, lilimkata kuliko panga.

"Nililia. Andika hivyo, nililia," anasema. "Lakini andika pia kwamba sikuomba radhi."

Bah Ronsing alikubali kuzungumza na mwandishi kwa sharti kwamba maneno yake yasipunguzwe. Anatafuna tambuu polepole kabla ya kujibu.

"Alikosea. Leo nasema alikosea, na kesho nitasema alikosea. Alinitia aibu mbele ya wenzangu." Anageuka kutema mate mekundu nje ya dirisha. "Ila anapiga. Hilo siwezi kulisemea uongo. Anapiga."

Je, amemwambia mpwa wake hivyo?

"Hajaniuliza."

Mzee alirudi kwenye nyumba ya ukoo mwaka huu, wakati wa Pasaka. Yeye na Phidalia walikula pamoja jadoh, wali uliopikwa na nyama ya nguruwe, wakazungumzia paa linalovuja. Suala la gitaa hakuna aliyeligusa. Amplifaya zilikuwa kando ya ukuta, na mzee alikaa kwenye moja bila kuuliza ni kiti cha namna gani.

Ukumbi bado umefungwa kwao. Dohkhlieh sasa hufanya mazoezi kwenye sebule ya Phidalia, magodoro yakiwa yameegemezwa madirishani ili kumpunguzia jirani adha. Na kila Jumapili baada ya ibada, wasichana na akina mama huja na magitaa yao: ya kurithi, ya kuazimwa, moja lililofungwa shingo kwa gundi na kamba. Phidalia huwafundisha kwanza kubadili nyuzi na kuchomea waya uliokatika, ndipo hufika kwenye nyimbo.

"Kwa nini tuanze na waya, Kong?" mmoja wao, mwalimu wa chekechea, alinung'unika mbele ya mwandishi.

"Kwa sababu likiharibika utampelekea mwanamume, naye atakuambia liache hapa. Miaka mitatu litakuwa hapo hapo."

Mwezi Oktoba, mvua zikiisha, mtaa utafanya tamasha la mavuno kwenye uwanja wa mpira. Bendi zilizoalikwa zimebandikwa kwenye mbao za matangazo. Dohkhlieh haimo. Phidalia anajenga kasha la spika nne kwa mbao za msonobari, refu kuliko yeye mwenyewe, na Bah Teibor amekwisha pima kama litaingia kwenye pikapu. Kipande cha ardhi kando ya uwanja ni cha shangazi wa Belinora, ambaye amesema waje wapige hapo, na majirani zake wote waje kusikiliza.

Je, wameomba kibali?

Kong Phidalia anachukua panga, anaangalia makali yake kwenye mwanga, na kumwita mteja anayefuata.

"Tutapiga," anasema. "Anayetaka kusikia atasogea. Asiyetaka, nyumba yake ina madirisha, ayafunge."