Sahihi za Marehemu

Mwenye nyumba wangu wa Bordesley Green, mtaa wa Birmingham, alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Murang'a, na lugha pekee tuliyoelewana ilikuwa Kiswahili. Kiingereza chake kilimtosha kununua mkate. Mimi Kigujarati sikukijua hata salamu. Basi tukawa tunasemezana Kiswahili ndani ya nyumba ile ya matofali mekundu, yeye kwa kile cha dukani na mimi kwa kile cha shuleni, kuhusu makaa ya mawe na bei ya mchele. Jirani mmoja, mzee wa Kizungu, aliwahi kuniuliza kama Kihindi kilinichukua muda mrefu kujifunza.

Nilihamia kwake mwanzoni mwa miaka ya sabini kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na chumba kilikuwa cha bei nafuu. Sikutafuta mama wala rafiki. Alinipikia chapati siku za Jumapili bila mimi kuomba, nikazila, nikasema asante, nikapanda juu kusoma.

Sebuleni palikuwa na picha ya mumewe iliyovishwa shada la maua ya plastiki. Habari zake nilizipata kidogo kidogo. Alikuwa na duka la vitambaa na sare za shule huko Livingstone, kusini kabisa mwa Zambia, na walihamia huko miaka mingi kabla ya uhuru. Kifua kilipomzidi akaja Birmingham kutibiwa, kwa kuwa wote wawili walikuwa na pasipoti za Uingereza, na duka akamwachia fundi wake wa cherehani, Mzambia aliyefanya naye kazi tangu siku duka lilipofunguliwa. Mume hakurudi. Mjane alibaki hapa, na duka likaendelea kumtumia kidogo cha kuishi.

Jumamosi moja ya Februari aliniita mezani. Mpwa wake, aliyezoea kuja kumwandikia barua, alikuwa amehamia Kanada. Akaweka mbele yangu bahasha mbili. Moja ilikuwa imetoka kwa fundi. Ya pili ilikuwa na fomu za serikali ya Zambia: za kuomba leseni ya biashara na za kodi ya mapato. Zote zilikuwa tupu, ila chini kabisa, mahali pa sahihi, kila moja ilikuwa imesainiwa kwa wino wa buluu.

"Hii yote alisaini hospitali," akasema. "Alijua posta nachelewa sana. Kila mwaka fundi naleta hesabu, mpwa wangu najaza, mimi natuma. Fundi napeleka ofisi, nalipa, kwisha."

"Mama, mzee alifariki lini?"

"Sasa miaka tatu na nusu."

Nikazihesabu fomu zilizobaki. Zingetosha miaka mingine mitano.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuona kosa lolote. Katika ukoo wao, ndugu walifungua maduka katika miji iliyo mbali mbali, na waliachiana karatasi tupu zenye sahihi ili biashara isikwame mtu akiwa safarini. Aliyetaka kusoma kwanza kilichoandikwa ndipo asaini alikuwa amekutukana. Basi mgonjwa alipoona safari inakuwa ndefu, alifanya alichofanya siku zote. Wala hakuna aliyeiba. Stakabadhi zote zilikuwepo zikiwa na mihuri, na kwa miaka mitatu yule marehemu alikuwa mlipa kodi mwaminifu kuliko wazima wengi niliowajua.

Tatizo lilikuwa kwenye bahasha ya fundi. Sheria za leseni zilikuwa zimebadilika na fomu pia. Fomu mpya ilimtaka mwenye duka aeleze uraia wake na asaini mbele ya shahidi anayetambulika, kwa mfano daktari au kiongozi wa dini. Zile za zamani hazikuwa na kazi tena. Mpya isipofika mwisho wa Machi, duka lingefungwa, na fundi, mwenye watoto sita, angetolewa na cherehani yake nje.

"Wewe iko na mkono mzuri, sista," akasema, akinisogezea fomu mpya na moja ya zile za zamani kama kielelezo. "Saini kama hii. Padri yako ataweka shahidi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Siwezi, mama. Nikijulikana nitafukuzwa kazi. Na hata nisipojulikana, huyu mtu amekufa."

"Hiyo mimi najua."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nimelelewa na baba aliyekuwa karani wa mahakama, mtu aliyeweza kukosa usingizi kwa ajili ya stempu iliyobandikwa upande. Nikamweleza sheria kana kwamba nafundisha darasa. Mwenye leseni akifa, leseni yake imekufa naye. Kilichobaki ni kuwaandikia ukweli, na kwa kuwa fundi ni raia, aombe leseni kwa jina lake.

"Halafu duka ya nani?"

"Ya fundi," nikasema.

Akazikusanya karatasi. Alipofika mlangoni nikamuuliza kama fundi alijua kwamba bwana wake amefariki. Akasema fundi alijua bwana anaumwa.

Wiki mbili hatukusemezana zaidi ya mambo ya makaa na mlango. Chapati za Jumapili zikakoma. Nilizikosa, na nilijikasirikia kwa kuzikosa. Nilijua anangoja nilegee, naye nadhani alijua kwamba sitalegea, kwa hiyo tulipishana kwenye ngazi kwa adabu nyingi mno.

Katikati ya Machi ikaja barua nyingine. Fundi alikuwa anaandikiwa na mwandishi wa barua wa sokoni, kwa Kiingereza cha kiofisi, na mjane hakuwa na mtu mwingine wa kumsomea. Nilimsomea jikoni, nikiigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, naye alikuwa akimenya vitunguu saumu. Mkaguzi alikuwa amefika dukani. Alikuwa amekagua shelfu zote na kusema hataongeza hata siku moja. Fundi alikwisha kupokea malipo ya awali ya sare kutoka kwa wazazi, vitambaa vilikwisha kukatwa, na hakujua atawaambia nini. Alimwomba bwana amsamehe kwa kumsumbua akiwa mgonjwa. Aliuliza kama kifua kimepata nafuu sasa baridi inapoisha.

Mjane aliendelea kumenya mpaka vikaisha.

"Andika," akasema.

Niliandika barua tatu: kwa ofisi ya leseni, kwa ofisi ya kodi, na kwa fundi, kumwambia kwamba bwana wake amefariki na kwamba aombe leseni kwa jina lake. Katika zile za serikali nilieleza jinsi fomu zilivyosainiwa na kwa nini, nikaambatisha nakala ya cheti cha kifo. Nilizipanga vizuri, aya kwa aya, na sikuweka neno lolote la kujitetea. Nilipomsomea, aliuliza swali moja.

"Watamkasirikia?"

"Nani, fundi?"

"Yeye." Akaelekeza kichwa sebuleni.

Nikamwambia kwamba mtu aliyekufa hashtakiwi, ila yeye huenda akatozwa faini. Akasema faini si kitu. Nikamwona ametulia kabisa, nami nikashangaa, kwa sababu nilidhani anaogopa faini.

Majibu ya serikali yalikuja mwezi wa Mei, mafupi na ya heshima kuliko nilivyotarajia. Faini ilikuwepo, haikuwa kubwa. Leseni ya zamani ilifutwa. Duka lilikuwa limeruhusiwa kubaki wazi tangu barua zilipofika, na mpya ilitolewa kwa fundi, kwa jina lake. Nilifurahi, na sitaficha, nilijiona mtu wa maana. Watoto sita wangekula, sheria imetimizwa, na kalamu yangu ndiyo iliyofanya hayo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kwamba unyofu wangu wote ule haukunigharimu hata stempu, maana stempu alinunua yeye.

Chapati zilirudi. Nikadhani mambo yamekwisha.

Kisha ikaja barua ya fundi mwenyewe. Nilimsomea palepale jikoni, tukiwa tumesimama. Alisema alifunga duka siku tatu, kwa sababu msiba ulimfikia siku alipopata barua yetu hata kama kwa wengine ulikuwa wa zamani. Alisema ataendelea kumtumia mama chochote kitakachopatikana, leseni iwe kwa jina la nani. Halafu akaeleza kilichomfanya aandike. Sheria ilitaka jina la mwenye leseni liandikwe juu ya mlango wa duka, na lile la zamani lisionekane. Mkaguzi alikuwa amepita mara mbili. Rangi alikwisha kununua, lakini hakuweza kupanda ngazi bila ruhusa ya mke wa bwana. Jina lile, alisema, bwana aliliandika kwa mkono wake, na yeye ndiye aliyemshikia ngazi.

Maji ya chai yalichemka, mjane akazima jiko. Alisimama pale na mkono wake juu ya jiko mpaka nikadhani ataungua.

"Hapa alikufa zamani," akasema. "Kule alikuwa bado."

Nilichukua karatasi nikakaa mezani.

"Mwambie afute."

Nikaandika kwamba afute. Nilikuwa nimekwisha kuandika salamu za mwisho na kuikunja barua, akanishika bega.

"Ngoja. Mwambie afute yeye mwenyewe. Mtu mwingine asiguse."