Moto wa Mama

Katika ukoo wetu ni mimi peke yangu niliyekwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, nikarudi na diploma ya kilimo. Wenzangu walirudi na blanketi na kikohozi. Nilisoma kwa kibatari baada ya kazi, sikusaidiwa na mtu, na niliporudi Muyama nikiwa bwana shamba watu walinipigia makofi ya salamu wakiinama kuliko walivyomwinamia baba yangu. Nyumba ya kwanza ya bati kwenye kilima chetu niliijenga mimi.

Bati hilo ndilo lililoniondolea raha. Habari za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa zilipofika, wenye nyumba za nyasi walicheka tu. Mimi kila lori lililounguruma upande wa Kasulu likinikuta nikila, lilinisimamisha na tonge mkononi. Nilipanga maneno ya kumwambia katibu kata, nikapanga na majibu yake, kisha majibu ya majibu. Mazungumzo ambayo hayakuwahi kufanyika yalinichosha kuliko jembe. Na juu ya yote alikuwepo mama. Alikuwa mjane, kifua kinamsumbua, na alisema haliachi kaburi la mumewe. Ofisini nilikuwa nimeshaambiwa wazi: mtumishi ahamishe kwanza watu wake.

Mama aliniona nikizunguka ua, akasema, "Wenzako wamesomea kazi. Wewe umesomea na hofu."

Mwishowe alikubali kwa sharti moja. Moto wa jikoni mwake alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na haukuwa umezimika tangu siku ile; ulilala majivuni mchana, jioni akauamsha. Wazee walihama hivyo, mke mbele na kigae cha makaa, ng'ombe nyuma. Naye angehama na moto wake. Nilikubali upesi. Katika yote niliyoyahofia, moto haukuwemo.

Siku yenyewe lori lilijaa mikeka, mbuzi, nyasi za kuezekea na debe la mafuta ya taa la jirani. Mama alipandishwa na kigae mapajani, makaa yamefunikwa majivu. Dereva alikiona, akaenda kushika usukani. Watu walikiona, wakasogea kumpisha. Mimi peke yangu niliuona upepo ukichukua cheche hadi kwenye nyasi, nyasi hadi kwenye debe, debe hadi kwa watoto. Niliona mpaka maiti. Nilichukua kibuyu cha maji nikamimina.

Mama hakushindana nami. Alikitazama kigae kikifuka moshi. Nilimwambia viberiti vipo, nitamnunulia boksi zima.

"Kiberiti ni cha kuwashia sigara," alisema. Kisha, taratibu: "Ungeniambia, mwanangu. Ningetembea."

Katika kijiji kipya nyumba zilisimama mstari mmoja kando ya barabara, na salamu yetu ya asubuhi, "mwakeye", ilijibiwa bila makofi. Nilimjengea mama jiko kabla sijapandisha hata bati moja la kwangu. Mke wangu akaliwasha kwa kiberiti. Mama alikula alicholetewa, lakini kwenye jiko lile hakuinjika chungu, wala hakusogea kuota moto mvua zilipoanza, na baridi ya kwetu haimhurumii mwenye kifua. Nilimsihi. Mke wangu alimsihi. Alitujibu kwa adabu, kama mgeni anayekataa kukaribishwa ndani.

Kifua kilipombana nilimpeleka hospitali ya Kabanga kwa baiskeli. Wauguzi walifanya yote waliyoweza. Tulimzika kijijini, mbali na baba, kwa sababu kilimani hapakuwa na mtu tena wa kulinda kaburi.

Hadi leo nasema debe lile lingelipuka. Nimeliwaza jambo hilo kila upande, kwa akili iliyonitoa kwenye mkonge, na kila mara naliona lori likiungua, naona hata rangi ya moshi. Kitu kimoja tu nashindwa kukiona, ingawa nakitafuta kila nikikaa peke yangu: mama akishuka kilima kwa miguu, kigae mikononi, nami nyuma yake nikimsubiri apumzike.